Gari la Sabiri na Jogoo wa Mtani

Mashavu binti Kilua aliishi na mumewe Sabiri miaka arobaini na mitatu, na katika hiyo, miaka arobaini nyumba yao ilikuwa na gari moja. Gari lenyewe lilikaa kwenye kiganja. Bodi yake ilichongwa kwa ule mlingoti unaochomoza katikati ya mkonge ukishazeeka, mti mwepesi ambao ukikauka unaweza kuuinua kwa kidole kimoja. Chini ya bodi kulikuwa na bamba la chuma, mota ndogo, gia mbili na magurudumu manne ya mpira. Watu wa mashamba ya mkonge waliliita gari la mfereji.

Kwa kuwa wengi wa siku hizi hawajaliona, na hawataliona, ni vizuri lielezwe. Chini ya pua ya gari kuna ulimi mfupi unaoingia katika mfereji uliochimbwa kwenye meza ya mbao, kila gari na mfereji wake. Kila upande wa mfereji umepita ukanda wa shaba wenye umeme wa betri ya lori. Ulimi umebeba brashi mbili za waya uliosukwa. Hizo huilamba shaba na kupeleka umeme kwenye mota. Mwendeshaji husimama kando na swichi mkononi, anabonyeza kwa kidole gumba. Akibonyeza sana kwenye kona, ulimi unachomoka na gari linaruka. Akibonyeza kidogo, anaachwa.

Meza hiyo ilijengwa mwaka 1978 na maseremala wa shamba moja karibu na Mazinde, ndani ya klabu ya wafanyakazi, kwa amri ya meneja wa Kizungu aliyependa mambo hayo kuliko mkonge wenyewe. Meneja akaondoka, mkonge ukashuka bei, shamba likauzwa na kuuzwa tena. Klabu ilikuwa na rafu mbili za vitabu, na mtu aliyeishia darasa la nne aliweza kuketi pale kila jioni mpaka akaelewa damu inavyozunguka mwilini na dunia inavyozunguka jua. Vitabu vililiwa na mchwa, na vile mchwa walivyoviacha vikafungiwa karanga. Meza ilisalia kwa sababu ilijengwa humo humo ndani na haikuweza kupita mlangoni.

Sabiri alikuwa fundi umeme wa karakana ya shamba. Mashavu alizaliwa Hale, katika nyumba za wafanyakazi wa kituo cha umeme, akamaliza darasa la saba, kisha akapelekwa Korogwe kwa fundi cherehani wa Kihindi ajifunze kushona. Yule Mhindi alimtazama siku tatu akishona vibaya, akamwekea mbele cherehani mbovu na bisibisi. Tangu hapo Mashavu akawa mtengenezaji wa cherehani, na mpaka leo, akiwa na miaka sitini na miwili, hukaa barazani kwake Manundu, na mafundi nguo wa Korogwe nzima humletea mashine zao zinazoruka uzi.

Kwenye kazi ya gari aliingia baadaye, kwa sababu ya macho. Sabiri alipatwa na presha ya macho, na kufika mwaka 2012 hakuweza tena kuona meno ya gia. Mashavu akawa macho na vidole vyake. Sabiri aliketi kando na kusema, naye akatenda. Siku za mashindano Sabiri aliendesha kwa masikio. Kwenye meza ile kuna kona moja mbaya, iliyo chini ya dirisha, na kabla ya kona kuna kiungio cha mbao kilichonyanyuka kidogo. Magurudumu yakipita hapo husikika "tak". Sabiri akisikia tak, aliachia kidole kabisa, akahesabu moja, ndipo akabonyeza. Alishinda hivyo akiwa kipofu, mbele ya wanaume wenye macho mazima, na walinuna.

Akafariki mwaka jana, wiki mbili baada ya Idd ndogo.

Ukoo wa Sabiri na ukoo wa Mustapha wa Mkata ni watani. Zamani jambo hilo halikuhitaji maelezo kwa Mzigua yeyote. Mtani ndiye anayechimba kaburi, mtani ndiye anayetukana waliofiwa ili wapate kucheka, na mtani ndiye anayechukua kitu cha marehemu mbele ya watu wote na kuondoka nacho. Hakuna anayemzuia. Baada ya siku chache mrithi humfuata na jogoo mweupe, wanatukanana, jogoo anabadilishwa na kile kitu, na kila mtu anakwenda nyumbani kwake akiwa na moyo mwepesi. Hivyo ndivyo watu walivyoweza kubeba vifo bila kwenda kulipia ushauri.

Mustapha alikuwa dereva wa trekta wa zamani, mtu mrefu mwenye sauti ya kupigia ng'ombe. Kwenye mazishi alishuka kaburini mwenyewe kumpokea rafiki yake, akasema kutoka chini, "Mzito huyu! Nani kamzika na mota zake?" Wanawake waliokuwa wakilia ndani walisikia, wakacheka, wakaendelea kulia. Siku ya arobaini akaingia sebuleni, akapita redio, akapita baiskeli, akachukua gari la mfereji kutoka juu ya kabati.

"Hili langu," akasema. "Marehemu alikuwa kipofu, hakujua lilivyo baya. Mimi nitalificha lisiwaaibishe."

Mashavu alicheka mpaka akafuta machozi kwa kanga. Mwanawe Faraji hakucheka. Faraji yuko Dar es Salaam, ana shahada, anafanya kazi katika ofisi ya mizigo. Wiki iliyofuata alimpigia simu Mustapha na kumwambia arudishe mali ya baba yake, la sivyo angekwenda polisi kuandikisha wizi.

Mashavu alipata habari hizo kwa Leboo, mzee wa jamii ya wafugaji wa Handeni aliyefanya kazi shambani na Sabiri, na ambaye sasa ndiye mwenye ufunguo wa klabu. Leboo alikuja barazani, akakaa juu ya kigoda.

"Mama Faraji," akasema, "Mustapha hacheki."

"Hacheki vipi?"

"Hacheki kabisa. Ameitwa mwizi. Kamzika mtu kwa mikono yake, halafu mtoto wa mtu huyo anamwita mwizi kwenye simu. Anasema utani umekwisha. Jogoo hataki."

Mashavu akampigia mwanawe. Alimwambia apande basi, atafute jogoo, aende Mkata akatukanwe.

"Mama, hayo mambo ya kizamani," Faraji akasema. "Mimi nimetumia lugha nzuri tu. Kama gari unalitaka sana, nitakununulia jingine mtandaoni."

Mashavu alikata simu, akarudia cherehani iliyokuwa mbele yake.

Alimtuma Leboo kwa Mustapha mara tatu, na mara ya tatu, mwaka huu, Mustapha akajibu. Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya Idd kubwa, wazee waliobaki hukutana klabuni kushindana. Mustapha alisema atalileta gari la Sabiri na kuliendesha mwenyewe. Mashavu aje na gari lake. Akishinda, alichukue. Akishindwa, Mustapha atakufa nalo, na asisikie tena habari za jogoo wala za simu.

Mashavu hakuwa na gari. Alikuwa na wiki sita.

Mota aliitoa kwenye deki ya video iliyokufa. Kwanza aliifunga kwenye betri mbili za tochi, akaiacha izunguke polepole asubuhi nzima, ili brashi za ndani zijichonge zenyewe zifuate umbo la mhimili. Mtu mwenye pupa huipa mota mpya umeme wote siku ya kwanza, na brashi huungua kabla hazijakaa. Bamba alilikata kwenye kopo la mafuta, akalikunja mara mbili lisilegee. Gia alizipata kwenye midoli mibovu sokoni, akazipima kama Sabiri alivyomfundisha: unaweka kipande cha karatasi ya sigara kati ya gia mbili na kuzungusha. Karatasi ikichanika, gia zimebanana na zitakula mota. Ikitoka laini, zimeachana na zitakula meno. Inatakiwa itoke imekunjamana kama uso wa mtu aliyeonja ndimu, lakini nzima. Ilimchukua siku nne.

Magurudumu aliyakata kwenye mpira wa zamani wa pampu ya maji. Yalikuwa duara kwa macho, ila gari lilipotembea liliruka ruka kama mbuzi. Akabandika msasa kwenye ubao, akawasha mota na kuligusisha gari kwa nyuma juu ya msasa, kidogo kidogo, mpaka mruko ukaisha na mpira ukawa na uso mmoja. Kisha akaliweka gari juu ya kioo cha dirisha. Kioo hakidanganyi. Ukigonga kila pembe kwa ukucha na pembe moja ikalia, gurudumu hilo linaning'inia. Gurudumu la mbele la kushoto lililia. Akalitoa, akanyoosha ekseli, akagonga tena.

Brashi za ulimi alizisuka kwa waya wa antena ya televisheni, akazichambua ncha na kuzilaza ziguse shaba kote bila kuinua pua ya gari. Mafuta alitia ya cherehani, tone moja la ncha ya sindano kwenye kila shimo la ekseli, akafuta lililozidi. Risasi ya kuongeza uzito, aliyoichonga kwenye kichwa cha betri mbovu, aliibandika chini kabisa, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Mwisho akazilegeza skrubu za bodi nusu mzunguko, bodi icheze. Wageni wa mchezo huziona skrubu hizo wakadhani ni uzembe, wakazikaza. Bodi iliyokazwa huvuta gari zima kwenye kona. Iliyolegea hutikisika peke yake na kuyaacha magurudumu kwenye mbao.

Mara mbili alipanda basi mpaka Mazinde na Leboo akamfungulia klabu. Safari ya kwanza gari lilitoka kwenye kona ya dirisha kila mzunguko. Alipunguza risasi, akaisogeza upana wa punje ya mchele. Safari ya pili lilipita.

Jumamosi ikafika. Zamani siku hiyo kulikuwa na wali, ngoma, na timu kutoka Hale waliovaa mashati ya rangi moja. Mwaka huu walikuja wazee tisa na vijana wawili waliotaka kuchaji simu kwenye betri ya lori. Leboo alikuwa amefuta shaba kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na kukausha. Mashavu aliingia na kapu lililofunikwa kwa kanga, akaliweka chini ya benchi.

Mustapha alikuja na basi la saa nne kutoka Mkata. Aliwasalimu wote kwa mikono, ila kwa Mashavu aliinua kofia tu kwa mbali, kama mtu anayeomba njia. Akalitoa gari la Sabiri mfukoni na kuliweka mezani.

Mashavu akalishika na kuligeuza juu chini. Skrubu za bodi zimekazwa mpaka mti umeanza kupasuka. Gia zinang'aa kwa mafuta kama kitumbua. Na chini, pale palipokuwa na risasi ya Sabiri, pamebandikwa sumaku nene ya spika ya redio.

"Hii ni nini?" akauliza. Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia tangu siku ya arobaini.

"Sumaku. Kijana mmoja pale Mkata ameona kwenye simu. Ulaya wote wanaweka. Inaling'ang'aniza gari njiani."

"Ulaya njia zao zina chuma. Hii ni shaba. Toka lini sumaku ikashika shaba?"

Mustapha akaitazama meza. Alikuwa amefanya kazi na vyuma miaka thelathini, na jambo hilo alilijua. "Inaongeza uzito," akasema.

Wakajaribu. Gari la Sabiri lilikwenda nusu ya meza, likatoa harufu ya kuungua, likasimama. Chini yake sumaku ilikuwa imezoa vumbi la chuma la karakana nzima ya yule kijana wa Mkata, na vipande vingine vimeingia kwenye gia. Leboo akasema kwa sauti ya hakimu kwamba gari lisilotembea limeshindwa, na kwamba Mama Faraji anaweza kulichukua akaenda zake.

Ingekuwa wewe au mimi, tungelichukua. Mashavu alilitazama lile gari, mikono ikamwasha.

"Nikilichukua hivi, huyu atasema mpaka kufa kwamba hakushindwa," akasema. "Lete hapa. Na unisogezee kile kioo cha dirisha kilichoegemea ukuta."

"Unataka kuniharibia!" Mustapha akasema.

"Kuna kilichobaki cha kuharibu? Wewe uliendesha trekta au trekta lilikuwa likikuburuta?"

Wazee wakaguna. Pembe ya mdomo wa Mustapha ilitikisika kidogo, kisha ikatulia.

Mashavu alifungua kapu upande, akatoa zana zake. Akaing'oa sumaku na kuitupa mbali na meza. Akasafisha gia kwa mswaki na mafuta ya taa, akapitisha karatasi ya sigara, ikatoka imekunjamana. Akafungua mota, akakwangua weusi kwenye mhimili kwa kijiti cha kiberiti. Akachambua brashi zilizokuwa zimelala kama nywele za mgonjwa. Akabandika risasi ya akiba mahali pake. Hakupima, vidole vilipajua. Akazilegeza skrubu nusu mzunguko. Akagonga pembe nne juu ya kioo, na hakuna iliyolia. Kazi yote haikumaliza saa moja. Vijana wawili waliacha simu zao wakatazama. Sifa hiyo lazima nao wapewe.

Akamkabidhi Mustapha gari. "Sasa sikiliza. Lina mbio kuliko ulivyozoea. Ukifika kona ya dirisha, utasikia tak. Ukiisikia, achia kidole. Achia kabisa."

Mustapha akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ahaa. Niachie kidole, wewe upite."

"Nakwambia kweli."

"Mjane wa cherehani, nimezaliwa jana?"

Mizunguko ishirini. Leboo akaangusha leso. Kwa mizunguko kumi gari la Sabiri lilikuwa mbele, na Mashavu, ambaye lake lilikuwa zuri lakini halikufikia la Sabiri, aliona wazi kwamba linamwacha. Mustapha alikuwa akiendesha kwa hofu, akipunguza kila mahali, na hiyo ilimsaidia. Kufika mzunguko wa kumi na tano akawa amezizoea zile mbio. Mashavu akaanza kumkaribia kwenye kona, urefu wa kidole kila mzunguko, kwa kuwa yeye alisikiliza na mwenzake alitazama. Mzunguko wa kumi na saba pua zikawa sawa. Zikaingia upande wa dirisha pamoja.

Tak.

Mashavu akaachia. Mustapha akamwona anaachia, akacheka kwa sauti, akabonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe.

Gari la Sabiri lilitoka mferejini, likapita juu ya ukingo, likagonga ukuta chini ya dirisha na kuanguka sakafuni. Bodi ilipasuka vipande viwili. Gurudumu moja liliendelea mpaka mlangoni.

Mashavu alimaliza mizunguko mitatu iliyobaki kwa mwendo wa kawaida, maana mbio humalizwa. Kisha akaweka swichi chini.

Mustapha alipiga magoti, akaokota vipande kimoja kimoja, na gurudumu, akaviweka kwenye kofia yake. Alipoinuka macho yalikuwa mekundu.

"Umenishinda," akasema. "Lakini sikupi."

"Mustapha!" Leboo akafoka. "Ulisema mwenyewe."

"Nilisema nikiwa na hasira. Kitu cha maiti mtani hanyang'anywi kwa mbio. Babu zangu watanicheka. Nitakufa nalo hivi hivi, vipande."

Mashavu akainama chini ya benchi, akaivuta kanga. Ndani ya kapu alikaa jogoo mweupe, amefungwa miguu kwa kamba ya mkonge, amechoka kwa joto. Alikuwa amemnunua tangu Alhamisi, kabla hajajua kama atashinda au atashindwa.

"Mrithi hakuja," akasema. "Mrithi ana shahada. Nimekuja mimi. Shika jogoo wako, mzee mwizi wa vitu vya maiti, mwenye vidole vinene kama mihogo ya Mkata, uliyeliua gari lililoendeshwa na kipofu miaka kumi bila mkwaruzo."

Mustapha alimtazama jogoo. Mabega yakaanza kutikisika, na wote wakadhani analia, na huenda kweli alikuwa analia, lakini kilichotoka mdomoni ni kicheko kile cha kupigia ng'ombe.

"Jogoo gani huyu? Kakonda kama mwenyewe! Umemshona kwa cherehani?" Akamkwapua na kumtia kwapani, akainyoosha kofia kwa mikono miwili. "Chukua takataka zako."

Akaketi karibu na Mashavu kwenye benchi wakati mwenzake akipanga vipande juu ya kioo. Mti wa mkonge upo kila mahali, bodi itachongwa nyingine. Bamba lilikuwa limepinda. Mashavu aligonga pembe kwa ukucha, na pembe mbili zikalia.

"Ile habari ya kuachia kidole," Mustapha akasema kwa sauti ya chini. "Ulikuwa unasema kweli?"

"Nilisema kweli."

"Sasa mimi ningejuaje? Miaka arobaini hujawahi kuniambia neno la kweli hata moja."

"Nikifa mimi utachukua nini?" Mashavu akauliza, bado ameinama.

Mustapha akafikiri. "Mkasi mkubwa. Ule uliopewa na Mhindi wako."

Mashavu akafuta mikono, akatoa simu, akampigia mwanawe pale pale mbele ya wazee wote.

"Faraji, sikiliza, usinikatize. Siku yangu ikifika, Mzee Mustapha atachukua mkasi wangu. Usipige simu polisi. Tafuta jogoo mweupe."

Upande wa pili kulikuwa na kelele za ofisi. "Mama, kwa nini mweupe?" Faraji akauliza.

"Njoo Idd nikueleze," akasema Mashavu, akakata simu, akaanza kulinyoosha bamba.